Papa Shilingi, Jitu la Bahari Lisilodhuru Mtu

Watu wengi wa bara, na hata wa pwani wasiokwenda baharini, hudhani ya kuwa papa wote ni wa namna moja: wenye meno makali, wenye njaa isiyokwisha, wanaomvizia kila mwogeleaji. Kwa kweli namna za papa zilizokwisha kuhesabiwa na wataalamu zapita 500. Wamo walio wafupi kuliko mkono wa mtoto, na wamo wanaokaa kilindini pasipofika mwanga wa jua. Walio hatari kwa watu ni namna chache sana; na watu wanaouawa na papa katika dunia nzima, kwa wastani, hawafiki 10 kwa mwaka. Kwa upande wa pili, utafiti uliotangazwa mwaka 2024 ulikisia ya kuwa papa wanaouawa na watu ni yapata milioni 80 kila mwaka. Basi aliye na haki ya kumwogopa mwenziwe ni papa.

Kati ya namna hizo zote yuko mmoja ambaye ukubwa wake wawapita papa wote, tena wawapita samaki wote wa dunia. Nyangumi ni mkubwa kuliko yeye, lakini nyangumi si samaki. Ni mnyama anyonyeshaye na kuvuta pumzi juu ya maji. Huyu ni samaki hasa, avutaye pumzi kwa matamvua. Wavuvi wa Mafia humwita papa potwe. Katika pwani ya Kenya anajulikana kwa jina la papa shilingi, kwa sababu mgongo wake mweusi umejaa madoa meupe ya mviringo, kama fedha zilizotupwa juu ya kitambaa cheusi. Husimuliwa ya kuwa Mungu alipomwumba samaki huyu alipendezwa naye mno, hata akawapa malaika fedha wazitupe kutoka mbinguni zimwangukie mgongoni. Na hata leo papa huyo hupanda juu ya maji polepole akingoja nyingine.

UKUBWA WAKE NA CHAKULA CHAKE

Papa shilingi aliyekomaa sana aweza kufika urefu wa mita 18, yaani kupita basi moja na nusu likipangwa pamoja. Uzito wake waweza kufika tani 20. Ngozi yake ya mgongoni ni nene ajabu, na kinywa chake, ambacho kiko mbele kabisa ya kichwa wala si chini kama cha papa wengine, chaweza kuwa na upana wa mita moja na zaidi. Mtu akiona kinywa hicho kikifunguka mbele yake aweza kudhani ya kuwa siku yake imefika. Lakini ndani yake meno ni madogo mno, yapata 3,000, wala hayatumiki kutafunia kitu.

Chakula chake ni uduvi, mayai ya samaki, dagaa, na viumbe vidogo vingine vielea-eleavyo majini. Hufungua kinywa akaogelea polepole, maji yakaingia na kutokea kwenye matamvua, na chakula kikabaki ndani, kama vile unga unavyochekechwa. Wataalamu waliopima kazi hiyo katika bahari ya Mexico walikisia ya kuwa papa mwenye urefu wa mita 6 huchuja zaidi ya lita 600,000 za maji kwa saa moja. Hiyo ndiyo siri ya jitu hili: mwili mkubwa kupita wote walishwa kwa vitu vidogo kupita vyote, na kwa hiyo hana budi kufuata mahali pale ambapo uduvi umejaa kwa wingi.

JINSI ALIVYOJULIKANA KWA WATAALAMU

Wavuvi wa Bahari ya Hindi walimfahamu samaki huyu zamani sana. Wataalamu wa elimu ya wanyama hawakumwandika hata mwaka 1828. Mwezi wa Aprili mwaka huo wavuvi wa Table Bay, karibu na Cape Town katika Afrika Kusini, walimchoma kwa chusa papa mmoja wa mita 4 na nusu hivi. Dokta Andrew Smith, daktari wa jeshi la Waingereza, alikwenda kumtazama, akampima, akamwandika. Maandishi yake ya kwanza hayakutokea katika kitabu kikubwa cha chuo, bali katika gazeti la mji ule, lililoitwa South African Commercial Advertiser. Ngozi ya papa huyo ikanunuliwa, ikapelekwa Paris katika nyumba ya makumbusho.

Wapiga chapa wa gazeti walikosea herufi za jina la kitaalamu, na kosa hilo likaleta mabishano kwa zaidi ya miaka 150. Hata mwaka 1984 ndipo baraza la wataalamu wanaosimamia majina ya wanyama lilipokata shauri ya kuwa jina lake la haki ni Rhincodon. Makarani watafahamu vema jinsi herufi moja iliyoandikwa vibaya katika faili iwezavyo kuwasumbua watu wasiozaliwa bado.

Kwa muda mrefu baada ya Dokta Smith, elimu juu ya papa huyu ilikwenda polepole sana. Hata katikati ya miaka ya 1980, mtu aliyekusanya habari zote za papa shilingi zilizopata kuandikwa na wataalamu wa dunia nzima alipata habari mia chache tu. Sababu yake ni wazi. Papa huyu huzunguka bahari kuu, huzama kilindini hata mita 1,900, na hakuna bwawa la kawaida liwezalo kumfuga. Wataalamu walingoja mpaka walipopata njia ya kumtambua mmoja mmoja kati ya wenzake.

DAFTARI YA MADOADOA

Njia hiyo ilipatikana katika zile shilingi za mgongoni. Madoa ya papa mmoja hayafanani na ya mwingine, kama vile alama za vidole vya watu zisivyofanana, wala hayabadiliki mpango wake papa akikua. Mtu akimpiga picha ubavuni, nyuma kidogo ya matamvua, picha hiyo yatosha kuwa cheti chake cha maisha yote.

Lakini picha zikiisha kuwa maelfu, ni nani awezaye kukaa kuzilinganisha moja moja? Msaada ulitoka mahali pasipotazamiwa. Wataalamu wa nyota walikuwa na hesabu maalum ya kulinganisha picha za mbingu, ili kujua kama nyota zinazoonekana katika picha mbili ni zile zile. Hesabu hiyo hutazama pembetatu zinazofanywa na nyota tatu tatu. Mwaka 2005 watu watatu, mmoja mtaalamu wa nyota, mmoja fundi wa kompyuta, na mmoja mtaalamu wa papa kutoka Australia, walitangaza ya kuwa hesabu hiyo hiyo yafaa kwa mgongo wa papa, kwa kuwa madoa meupe juu ya ngozi nyeusi ni kama nyota za usiku. Tangu hapo picha zilizopigwa na wapiga mbizi, watalii, wavuvi na wanafunzi katika nchi nyingi zimekusanywa katika daftari moja, na papa waliokwisha kutambuliwa wapita 10,000.

Faida ya daftari hii ni zaidi ya kuhesabu. Mtu aliyepiga picha moja tu akiwa mapumzikoni ameingia katika kazi ya elimu. Si lazima awe na shahada, wala si lazima amguse papa. Kwa njia hiyo watu wasio wataalamu wamejifunza kumjua samaki huyu, na amjuaye mwenziwe kwa jina huona uchungu akisikia ya kuwa ameuawa.

UMRI WAKE NA UZAZI WAKE

Mkulima ye yote anajua ya kuwa mifugo haihesabiwi kwa vichwa tu. Lazima ajue huzaa wakiwa na umri gani, na ndama wangapi huokoka. Kwa papa shilingi maswali hayo yalikuwa magumu sana.

Kuhusu umri, papa hawana mifupa migumu kama ya samaki wengine. Mwili wao hushikwa na gegedu. Hata hivyo pingili za uti wa mgongo wao zina duara, moja nje ya nyingine, kama zionekanavyo katika gogo la mti lililokatwa. Wataalamu walibishana: je, duara moja ni mwaka mmoja, au miezi sita? Mabomu ya atomiki ndiyo yaliyotoa jibu. Majaribio ya mabomu hayo katika miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza hewani namna moja ya kaboni, nayo ikaingia baharini na katika miili ya viumbe vyote vilivyokuwa hai wakati ule. Alama yake imebaki katika pingili za papa wakubwa. Kwa kupima kaboni hiyo katika pingili zilizohifadhiwa Taiwan na Pakistan, wataalamu walitangaza mwaka 2020 ya kuwa kila duara ni mwaka mmoja kamili. Papa mmoja wa Pakistan alikuwa amefika umri wa miaka 50 alipokufa.

Basi huyu ni samaki akuaye polepole sana. Yakisiwa ya kuwa hapevuki ila awe na umri wa miaka 25 au zaidi. Ng'ombe huzaa akiwa na miaka mitatu hivi. Mkulima aliyepoteza kundi lake kwa ugonjwa aweza kulijenga tena kabla wanawe hawajamaliza shule. Kundi la papa shilingi likipunguzwa, kizazi kizima cha wanadamu hupita kabla mtoto wa papa hajachukua nafasi ya mamaye.

Kuhusu uzazi, habari karibu zote zatoka kwa jike mmoja aliyevuliwa Taiwan mwaka 1995. Tumboni mwake walikutwa watoto wapata 300, wengine wangali katika mayai, wengine tayari kuzaliwa, wenye urefu wa sentimita 60 hivi. Hivyo ikajulikana ya kuwa mayai huanguliwa tumboni mwa mama. Hakuna mtaalamu aliyepata kumwona papa huyu akizaa. Watoto 300 waweza kuonekana wengi, lakini bahari ina walaji: mtoto mmoja alipata kukutwa ndani ya tumbo la samaki mwenye mdomo mrefu kama mkuki aliyevuliwa karibu na Mauritius.

HATARI ZINAZOMPATA

Kwa kiumbe cha namna hii, hasara ndogo yawa kubwa. Mwaka 2016 shirika la dunia lihesabulo wanyama walio katika hatari ya kutoweka lilimwandika papa shilingi katika orodha ya walio hatarini, likasema ya kuwa idadi yake duniani imepungua zaidi ya nusu kwa muda wa vizazi vyake vitatu, yaani miaka 75. Katika Bahari ya Hindi na Pasifiki upungufu umekuwa mkubwa zaidi kuliko Atlantiki. Huko Tofo, kusini mwa Msumbiji, mahali palipojulikana sana kwa papa hawa, wapiga mbizi waliwaona wachache kwa karibu asilimia 80 mwaka 2011 kuliko mwaka 2005.

Hatari ya kwanza ni kuvuliwa kwa makusudi, kwa ajili ya nyama, mapezi na mafuta. Ini la papa ni kubwa sana na limejaa mafuta, kwa sababu papa hana mfuko wa hewa unaowaelesha samaki wengine. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hulijua jambo hili tangu zamani: mafuta ya papa, yaitwayo sifa, ndiyo yaliyopakwa mbao za majahazi zisioze wala kuliwa na wadudu. Na papa mkavu aliyetiwa chumvi aliletwa Mombasa na Unguja na majahazi ya Waarabu kila msimu wa kaskazi, akaliwa na matajiri na maskini. Kula papa si jambo la aibu. Neno lenyewe ni papa yupi, na wangapi.

Hatari ya pili ni nyavu zilizotegewa samaki wengine, hasa majarife. Papa shilingi huingia wavuni bila kukusudiwa, akajizungusha, akauharibu wavu na kujiua mwenyewe. Hatari ya tatu ni meli kubwa. Kwa kuwa papa huyu huogelea karibu na uso wa maji akila, meli humgonga, naye akifa huzama bila mtu kujua. Wataalamu walioufuata mwendo wa mamia ya papa kwa vyombo vya setilaiti walitangaza mwaka 2022 ya kuwa karibu mahali pote wapitapo papa hawa ndipo zipitapo meli za biashara.

MAFUNZO YA GUJARAT

Njia iliyofuatwa na wavuvi wa Gujarat, katika magharibi ya India, yastahili kusimuliwa kwa urefu. Nchi hiyo si ngeni kwa watu wa Afrika ya Mashariki, maana mababu wa wenye maduka wengi wa Mombasa, Nairobi na Kampala walitoka huko, wakaja kwa majahazi yaliyopakwa mafuta ya papa.

Katika pwani ya Saurashtra, iliyoitwa zamani Kathiawar, papa shilingi hufika kila mwaka. Wavuvi walimvua kwa ndoana kubwa iliyofungwa kamba na mapipa matupu. Papa akizama, mapipa yalimchosha mpaka akarudi juu. Kwa sababu hiyo walimwita kwa jina la pipa tu. Zamani walitaka mafuta ya ini lake kwa kupakia mashua. Lakini katika miaka ya 1990 wanunuzi wa nje walianza kuitaka nyama yake, bei ikapanda, na mamia ya papa wakauawa. Watu wa miji mingine ya India hawakujua kama samaki huyo yumo katika bahari yao.

Aliyewajulisha ni mpiga picha za senema, Mike Pandey, mtu aliyezaliwa Kenya. Alipiga picha za mavuno hayo ya damu pwani ya Gujarat, akatoa senema yake mwaka 2000. Serikali ya India iliona, na mwezi wa Mei mwaka 2001 ikamwingiza papa shilingi katika sheria ile ile inayomlinda chui milia na ndovu. Alikuwa samaki wa kwanza kupewa ulinzi wa daraja hiyo. Amuuaye hupasiwa kifungo.

Lakini sheria iliyoandikwa Delhi haikufika mara moja katika mashua za Veraval. Wavuvi wengi hawakuisikia, na waliosikia walikuwa na madeni ya mashua na watoto wa kulisha. Ndipo mwaka 2004 shirika la Wildlife Trust of India, pamoja na idara ya misitu ya Gujarat na wenzao, lilipoanza kazi ya kuwafundisha watu.

Hawakuanza kwa kuwatisha watu kwa polisi. Walimwendea Morari Bapu, mhubiri mashuhuri wa dini ya Kihindu, ambaye maelfu ya watu humsikiliza akisimulia visa vya kale. Yeye aliwaambia wavuvi ya kuwa papa huyu ni kama binti aliyeolewa mbali, ambaye sasa amerudi kwa wazazi wake kujifungua. Katika desturi za Gujarat, binti mwenye mimba hurudi nyumbani kwao kuzaa, na ni fedheha kubwa kwa baba kumdhuru binti aliyekuja kutafuta hifadhi kwake. Neno hilo liliwachoma. Mchezo wa kuigiza ukachezwa kijiji kwa kijiji, na sanamu ya papa iliyojazwa hewa, kubwa kama papa mwenyewe, ikasimamishwa viwanjani ili watoto na wanawake waone yule ambaye waume zao walimwona peke yao baharini. Miji kadhaa, Porbandar ukiwamo, ilimchukua papa kuwa alama ya mji. Jina la pipa likaachwa. Wavuvi wakaanza kumwita kwa neno la Kigujarati lenye maana ya mpenzi.

Moyo peke yake haujazi tumbo. Papa akiingia wavuni, hakuna njia ya kumwokoa ila kukata wavu, na wavu ndio shamba la mvuvi. Kwa hiyo tangu mwaka 2006 serikali ya Gujarat imewalipa fidia wavuvi waliokata nyavu zao, hata kufika rupia 25,000. Mwanzoni mvuvi alilazimika kumngoja ofisa aje baharini ashuhudie, na papa akazidi kuchoka wavuni. Baadaye wavuvi walipewa kamera, wakapiga picha wenyewe za uokoaji, na picha ikawa ushahidi wa kutosha. Jambo hili dogo lilifupisha muda, likampa mvuvi heshima ya kuaminiwa. Papa waliookolewa tangu wakati ule ni mamia, na waokoaji ni watu wale wale waliokuwa wakifunga mapipa.

GHUBA YA KILINDONI

Karibu zaidi na nyumbani, papa shilingi hukusanyika katika maji ya Kilindoni, kisiwani Mafia, Tanzania. Kisiwa hicho kina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, lakini sehemu wanayopenda papa hao iko zaidi upande wa magharibi, mbele ya mji wenyewe, nje ya mipaka ya hifadhi. Huonekana hasa toka Oktoba mpaka Februari au Machi. Wengi wao ni madume yasiyopevuka bado.

Wataalamu walipochukua maji ya ghuba hiyo na kuyatazama, waliona ya kuwa papa hufuata uduvi mdogo sana, unaojaa katika sehemu fulani kama wingu. Dagaa nao hufuata uduvi huo huo, na wavuvi hufuata dagaa. Hivyo papa na mvuvi hukutana kwenye meza moja, na mara kwa mara papa huzungukwa na nyavu za dagaa.

Watu walidhani ya kuwa miezi papa asipoonekana, amekwenda zake mbali. Ili kulijua jambo hilo, wataalamu waliwafunga papa vyombo vidogo vitoavyo sauti isiyosikiwa na masikio ya wanadamu, na chini ya bahari wakaweka vyombo vya kuipokea sauti hiyo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalikuwa ya kushangaza. Papa wengi hawakuondoka. Miezi wasipoonekana walikuwa wangali karibu na Mafia, ila walikaa mbali kidogo na pwani na chini zaidi ya maji, macho ya watu yasipofika.

Habari hii yabadili mambo mengi. Kama papa ni mgeni apitaye, mtu aweza kusema ya kuwa ulinzi wake ni kazi ya mataifa mengine. Kama ni mkaazi wa mwaka mzima, basi ni jirani, na usalama wake uko mikononi mwa watu wa Mafia wenyewe kuliko mtu mwingine ye yote. Pia wavu uliotegwa katika mwezi ambao papa haonekani si wavu usio na hatari.

Watu wa Kilindoni wamepata njia ya kufaidika na jirani huyo akiwa hai. Wageni hulipa nauli ya mashua wapelekwe kumtazama na kuogelea karibu naye, na fedha hizo huwafikia manahodha, waongozaji na wenye nyumba za wageni. Biashara hii nayo ina adabu zake. Mashua yapaswa kwenda polepole, isimkatie papa njia. Mwogeleaji asimguse, asimpande, asikae karibu na mkia wake, ambao waweza kumpiga mtu kwa nguvu ingawa papa hakukusudia. Mashua nyingi zikimzunguka papa mmoja, huacha kula akazama, na siku hiyo wote hukosa, papa na watu.

YAPASAYO KUFANYWA

Wataalamu wa nchi mbali mbali wamekwisha kukubaliana juu ya mambo machache ya kumsaidia mvuvi aliyepata papa shilingi wavuni. Kwanza, asimvute kwa kamba iliyofungwa mkiani wala katika matamvua, maana huko ni kumwua polepole. Pili, kama wavu ni wa kuzungusha, ashushe upande mmoja wa maboya chini ya maji, na papa atatoka mwenyewe bila wavu kukatwa. Tatu, kama papa amejisokota, akate nyuzi chache kwa kisu kikali mapema, kabla papa hajaharibu wavu mzima. Mara nyingi mvuvi awahiye kukata hupoteza nyuzi kidogo kuliko angaliengoja.

Kazi iliyobaki ni ya wasio wavuvi. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi picha ya madoa na kuwaeleza habari ya pembetatu, wakajifunza hesabu na bahari katika somo moja. Serikali zaweza kufuata mfano wa Gujarat, zikakumbuka ya kuwa mvuvi maskini hawezi kuachiwa peke yake gharama ya kulinda mali ya dunia nzima. Na mlaji wa mjini aweza kumwuliza mwuza samaki ni papa wa namna gani aliye mezani, kwa sababu zaidi ya theluthi moja ya papa wote na taa wa dunia wamekwisha kuandikwa katika orodha ya walio hatarini, na sababu iliyo kubwa kupita zote ni kuvuliwa kupita kiasi.

Papa mdogo mwenye madoa mapya, anayezaliwa mwaka huu katika Bahari ya Hindi, akiepuka midomo ya samaki wengine, nyavu na meli, hatakuwa tayari kuzaa kabla ya miaka 25 au 30 kupita. Wakati huo watoto wanaofundishwa kupiga kasia sasa hivi katika ufuo wa Kilindoni watakuwa ndio manahodha, na shauri la kukata wavu au kuuacha litakuwa lao.